Ridhaa ya Mpiga Picha

Katika lugha ya Kiswahili, mtu afanyaye sanaa au mchezo bila ujira huitwa mtu wa ridhaa. Kuna bondia wa ridhaa, mwigizaji wa ridhaa na mpiga picha wa ridhaa. Jina hili ni zuri, kwa kuwa hupambanua kati ya mtu apendaye na mtu alipwaye. Mpiga picha wa ridhaa hatumwi na mtu. Hana tajiri wa kumwamuru wala mnunuzi wa kumridhisha. Ameridhia mwenyewe kuamka alfajiri, kuitundika kamera begani, kupanda mlima na kungoja jua litoke nyuma ya wingu. Walakini jina zuri huweza kuficha swali zito. Ridhaa inayotajwa katika jina hili ni ya mmoja tu, yaani ya yule aliye nyuma ya lenzi. Ya yule aliye mbele yake haitajwi. Je, ridhaa ya mmoja yatosha kuihalalisha picha ya wawili? Na picha hiyo ikigeuzwa zawadi, ikatiwa juu ya kikombe, kalenda au mto wa kiti, akapewa mtu wa tatu, mtoaji atoa kitu chake au cha mwenziwe?

Uraibu huu haustahili kulaumiwa kabla ya kupimwa. Una faida ambazo kila mtu mwenye insafu hukiri. Kwanza, humtoa mtu nyumbani kwake. Karani aliyeshinda siku tano mbele ya meza hujikuta siku ya sita yu katikati ya miti asiyoijua majina, na haja ya kuyajua majina hayo humrudisha katika uanafunzi. Pili, humfundisha saburi, maana ndege haji kwa amri na ukungu hauondoki kwa hasira. Tatu, humfundisha ukarimu. Picha nzuri ni kama habari njema. Haimpendezi mwenyewe mpaka mwingine ameipata. Ndiyo sababu mpiga picha wa ridhaa, ambaye haziuzi picha zake, huishia kuzigawa.

Siku hizi kugawa kumekuwa kwepesi. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki yako maduka ambamo picha huchapishwa kwa wino maalumu juu ya karatasi, karatasi ikazungushiwa kikombe cheupe kilichopakwa dawa ya kupokea rangi, kikombe kikabanwa ndani ya mashine yenye joto la karibu nyuzi 200, na baada ya dakika chache rangi ikahama karatasini ikaingia kikombeni. Kikombe cha namna hii huoshwa mara nyingi bila ya sura kufutika. Zawadi kama hiyo huipita zawadi ya rafuni, kwa sababu kitu cha rafuni kilifanywa kwa ajili ya yeyote, na hiki kilifanywa kwa ajili ya mtu mmoja. Hapo ndipo wema wa zawadi hii ulipo, na hapo ndipo shaka yake ilipo pia.

Shaka hiyo si ngeni. Umri wake na umri wa picha ni mmoja. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alikielekeza chombo chake kutoka dirishani, akapiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple mjini Paris. Chombo cha wakati ule kilihitaji dakika kadhaa kuinasa nuru. Watu na magari yaliyokuwa yakipita hawakuacha alama; barabara iliyojaa watu ikaonekana tupu, kama mji uliohamwa. Mtu mmoja alionekana wazi, kwa kuwa alikuwa amesimama mahali pamoja akisuguliwa viatu. Huyo hudhaniwa kuwa mwanadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Hakuulizwa, hakuambiwa, na jina lake halikujulikana. Mwaka 1839 Daguerre alimpelekea Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria picha hiyo, pamoja na nyingine, kuwa zawadi. Basi mtu wa kwanza kupigwa picha alikuwa pia mtu wa kwanza kutolewa zawadi pasipo habari yake. Alilipa ujira wa viatu vyake akaenda zake, naye hakujua kwamba sura yake ilikuwa njiani kwenda kwa mfalme.

Ilipopata miaka hamsini, kamera ilishuka kutoka mikononi mwa mafundi ikaingia mikononi mwa watu wote. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, na mwaka 1900 kampuni yake ikatoa kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja. Tangu hapo hakikuhitajiwa tena kipawa wala mali ili mtu amnase mwenziwe. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, hata hivyo, desturi nyingine ilidumu kwa muda mrefu. Picha haikumfuata mtu. Mtu aliifuata picha. Studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa mjini Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza, zilikuwa mahali pa kwendea. Mtu aliwekea nia, akaoga, akavaa nguo zake za heshima, akatia manukato ambayo picha haikuweza kuyaonyesha, akaenda akaketi penye kiti, mkono juu ya meza na macho mbele. Fundi alimweka sawa ukosi au ushungi, akamwomba atulie. Katika studio hapakuhitajiwa maandishi ya kukubali. Ridhaa ya mtu ilikuwa katika miguu iliyompeleka na katika nguo alizozichagua.

Leo miguu imebadilishana. Anayekwenda ni mpiga picha, na anayefuatwa hana habari. Ili neno hili lisiwe la mawazo matupu, na afikiriwe karani mmoja wa Tanga, mtu mwema, mwenye uraibu huu. Kila Jumamosi apatapo nafasi hupanda gari la Muheza, na kutoka Muheza hupanda jingine liendalo Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Gari hupita michungwani, kisha hukata kona moja baada ya nyingine, baridi ikaanza kuingia madirishani, mashamba ya chai yakaonekana, na nyuma yake msitu. Huko kuna mbega warukao juu ya vilele vya miti, hondohondo ambao mabawa yao husikika kabla wenyewe hawajaonekana, na vinyonga wenye pembe puani. Karani hupiga picha zake, hurudi na gari la jioni, na usiku huzitazama kama mvuvi ahesabuye samaki.

Asubuhi moja, katika njia ya msituni, alikutana na bibi kizee aliyebeba kikapu cha iliki. Karani alimwamkia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Watoka mbali na baridi yote hii?”

“Natoka Tanga, bibi. Nimekuja kutembea.”

“Tembea salama, mwanangu.”

Bibi alipita. Alipofika mahali ambapo nuru ilikuwa ikishuka kati ya matawi, aligeuza uso kidogo kuuweka sawa mzigo wake. Karani aliinua kamera. Bibi alisikia mlio, akatazama, akanyamaza, akaendelea na njia. Picha ilitoka nzuri kupita zote alizopata kuzipiga: makunyanzi yaliyojaa nuru, kanga iliyochakaa, kikapu, na nyuma yake kijani kisicho na mwisho. Mwaka ulipokwisha karani aliichapisha juu ya vikombe kumi na viwili, akawapa wenzake wa ofisini, na kimoja akakiweka kuwa chake. Wote walisifu. Mmoja alisema kwamba uso ule ulimkumbusha bibi yake mzaa mama.

Baada ya masika karani alirudi Amani, kikombe chake kimo mkobani. Aliingia katika mgahawa mdogo penye njia, akaomba atiliwe chai ndani ya kikombe hicho. Mwanamke mwenye mgahawa alikipokea, akakigeuza, akasimama.

“Kaka, huyu ni mama yangu.”

Karani alifurahi, akaanza kueleza. Mwanamke alimngoja amalize.

“Tulimzika masika haya,” akasema. “Hatuna picha yake hata moja.” Kisha, baada ya kukitazama tena kikombe: “Lakini mama asingalikubali hivi. Ungalimwambia, angalirudi nyumbani kwanza akavaa kanga yake ya Idi. Hii ni nguo ya shamba, kaka.”

Mfano huu hauna mwizi wala mtu mbaya, na kwa hiyo unafaa kupimwa. Kama karani angalikuwa mdhalimu, hukumu ingalikuwa nyepesi na haingalimfundisha mtu kitu. Utetezi wake una hoja nne, na kila moja yastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuchukua kitu. Bibi alifika nyumbani na uso wake, kikapu chake na iliki yake yote. Kilichoingia katika kamera ni nuru, na nuru ni ya jua. Hoja hii ni kweli kwa habari ya vitu, lakini si kila alicho nacho mtu ni kitu. Mtu ana jina, naye hapungukiwi na herufi jina lake likitajwa penye baraza ya wasengenyaji. Hata hivyo amedhulumiwa. Sura ni kama jina. Haipungui kwa kutumiwa, lakini yaweza kutumiwa vibaya, na mwenye haki ya kwanza ya kusema lipi ni vibaya ni yeye mwenyewe.

Hoja ya pili ni kwamba hakupata faida. Hakuviuza vikombe, alivitoa bure, tena kwa gharama yake. Hapa ndipo neno ridhaa humghilibu mtu. Hudhani ya kuwa kazi isiyo na ujira haina deni. Lakini kutokuuza hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Atoaye sadaka kuku wa jirani hakuuza kuku, wala sadaka hiyo haimwandikii thawabu. Zawadi huwa zawadi kwa sharti moja ambalo hutangulia mengine yote: kwamba kitolewacho ni cha mtoaji. Katika vikombe vile, kazi ya mkono ilikuwa ya karani, jicho lilikuwa lake na fedha zilikuwa zake. Uso haukuwa wake. Alitoa fungu lake pamoja na fungu la bibi, na shukrani zote akazipokea peke yake.

Hoja ya tatu ni kwamba bibi alinyamaza, na watu husema kunyamaza ni kukubali. Hoja hii ina nguvu katika nchi ambayo ukimya wa mwari, walii wake akimwuliza juu ya posa, huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Walakini kisa hicho chenyewe ndicho kiipinduacho hoja. Ukimya wa mwari ni jibu kwa sababu umetanguliwa na swali. Ukimya usiotanguliwa na swali si jibu. Huenda ukawa ni mshangao, au haya, au adabu ya mtu mzima asiyetaka kumtahayarisha kijana mgeni njiani. Bibi hakuulizwa kitu. Basi hakuna aliyeweza kujua ukimya wake ulisema nini.

Hoja ya nne ndiyo nzito. Yasema kwamba kama karani angaliomba, huenda bibi angalikataa, au angalikwenda kubadili nguo na nuru ikahama. Na leo watoto wake wasingalikuwa na sura ya mama yao hata katika kikombe. Kosa limezaa mema ambayo uadilifu usingaliyazaa. Hoja hii haiwezi kukanushwa kwa neno moja, wala haifai kukanushwa na mtu ambaye hajamzika mamaye bila ya kuwa na picha yake. Lakini na isemwe hivi: mema yaliyokuja yalikuja kwa bahati, na bahati haimhesabii mtu wema. Karani hakuipiga picha ile kwa ajili ya watoto wa bibi. Hakujua kama ana watoto. Laiti angaliuliza jina na nyumba, picha ingalifika kwa wenyewe bibi yu hai, akaiona, akacheka au akakasirika, na kicheko chake au hasira yake ingalikuwa ndiyo ridhaa au katazo. Isitoshe, lipo jambo alilolisema mwanamke wa mgahawa, ambalo vikombe kumi na viwili havikuweza kulisema. Kile karani alichokiona kuwa ndio uzuri wa picha, yaani kanga iliyochakaa, ndicho kile bibi ambacho hakutaka akumbukwe nacho. Mbele ya fundi wa studio angalichagua mwenyewe. Njiani alichaguliwa.

Yapo mambo katika habari hii ambayo sheria hujaribu kuyapanga. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za mtu binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni vyema. Lakini sheria humwambia mtu litakalomfikisha mahakamani. Haimwambii linalostahili kwa bibi aliyebeba iliki. Kati ya kisichoadhibiwa na kinachostahili kuna nafasi pana, na katika nafasi hiyo ndimo uungwana huishi.

Hapa msikilizaji mwenye subira chache atasema: basi mpiga picha na awaache watu, apige miti na ndege na maua, viumbe visivyo na Idi wala kanga. Msitu hauna haya. Msitu haukumbukwi na watoto wake. Ni kweli kwamba msitu hauwezi kusema ndiyo. Lakini haukosi madhara kwa kuwa haukosi ukimya. Asiyeweza kusema ndiyo hawezi vilevile kusema hapana, na kwa ajili hiyo amana yake ni kubwa zaidi, kama mali ya mtoto yatima ilivyo nzito mikononi mwa mlezi kuliko mali ya mtu mzima.

Milima hiyohiyo ya Usambara yatoa ushahidi. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, aliona katika nchi hiyo ua dogo la rangi ya zambarau lenye majani ya manyoya, liotalo penye miamba yenye kivuli na unyevu. Alilipenda, akalipeleka Ujerumani kwa baba yake. Baba alimwonyesha Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalieleza katika maandishi ya elimu na kulipa jina la Saintpaulia. Leo wajukuu wa ua lile wamo madirishani mwa nyumba zisizo na idadi katika Ulaya na Marekani, ambako hununuliwa kuwa zawadi kwa akina mama na wagonjwa. Katika milima yao ya asili baadhi ya aina zake zimo hatarini, kwa sababu misitu inayozitia kivuli imepungua. Mapenzi ya mtoto kwa baba yake hayana lawama, wala si yeye aliyekata misitu. Lakini katika habari yote ya zawadi hiyo, mlima haukupewa kitu.

Mpiga picha atasema kwamba yeye hang'oi ua. Aliacha pale alipolikuta. Na hiyo ni sifa ya kweli ya uraibu wake, tena ni sababu njema ya kuupendelea kuliko bunduki na jembe. Hata hivyo kuacha ua mahali pake si kusema kwamba hakuligusa. Simu nyingi za leo huweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Picha ya mmea adimu, ikitumwa pamoja na alama hiyo, ni ramani kwa mng'oaji. Picha ya kifaru ni ramani kwa jangili. Mwenye kuipiga hakukusudia, kama karani asivyokusudia.

Kwa upande wa wanyama, mambo yamepimwa kwa hesabu. Mwaka 1905 au karibu yake, Mjerumani Carl Georg Schillings alijipatia sifa kubwa kwa picha za usiku alizozipiga katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Baadhi ya picha za simba zilipatikana kwa kumfunga mnyama wa kufugwa kuwa chambo, na kuwasha mwako wa ghafula simba alipomrukia. Schillings huyohuyo alisimama baadaye kutetea hifadhi ya wanyama wa Afrika. Basi moyo mmoja waweza kubeba mapenzi na ukatili, ikiwa mapenzi hayajaulizwa maswali. Leo hafungwi punda, lakini magari hujipanga. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 uliwachunguza duma wa nchi ya Maasai Mara, nchini Kenya. Mahali penye watalii wengi, duma jike alifaulu kulea wastani wa mtoto 0.2 katika kila uzazi mpaka akajitegemea; mahali penye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Kila mmoja katika magari yale alikuwa na kamera, na kila mmoja, pengine, aliwapenda duma. Hakuna aliyewaua watoto wa duma. Waliotazama walikuwa wengi mno, karibu mno, kwa muda mrefu mno.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa. Kitendo cha mpiga picha huitwa kupiga, na kupiga ni kitenzi chenye nyumba nyingi: mtu hupiga mbizi, hupiga pasi, hupiga magoti, naye hupiga hodi. Muungwana hupiga hodi kabla ya kuingia, hata mlango ukiwa wazi, hata nyumba ikiwa ya ndugu yake. Asipoitikiwa mara tatu hurudi. Kupiga picha kusikotanguliwa na kupiga hodi ni kuingia chumbani mwa watu kwa sababu tu mlango haukufungwa. Kwa mwanadamu hodi ni neno: salamu, swali, jina na ahadi ya kurudisha nakala. Kwa msitu hodi ni mwendo. Ni kusimama mbali mpaka mnyama arudie kula, maana mnyama aliyeacha kula kwa ajili ya mgeni amekwisha jibu. Ni kutopuliza sauti ya kumhadaa ndege atoke katika kiota chake. Ni kufuta alama ya mahali kabla ya kuituma picha. Ni kuwa tayari kurudi Tanga na gari la jioni mikono mitupu.

Tena hodi hiyo ina faida kwa mpiga hodi mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani aliwapitisha wanafunzi katika jumba la makumbusho, akawaambia vitu vingine wavipige picha na vingine wavitazame tu. Walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha, kana kwamba jicho liliiachia kamera kazi ya kukumbuka. Lakini walipotakiwa kuisogeza lenzi katika sehemu moja tu ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Maana yake si kwamba kamera hupofusha. Kamera hutii: mkononi mwa mwenye haraka huwa kibadala cha macho, na mkononi mwa mwenye kuchagua huwa msaada wa macho. Aliyengoja nusu saa mbele ya ua moja, akaliona linavyotikiswa na mdudu asiyelingana na ukucha, amepewa kitu na msitu hata kabla ya kubonyeza. Picha yake ni risiti ya alichokipokea. Aliyebonyeza mara mia mbili akipita amebeba risiti mia mbili za vitu asivyovipokea.

Kutokana na hayo yaweza kuonekana zawadi ya picha iwe ya namna gani. Haifai kukatazwa, dunia haina zawadi nyingi zinazotaka mtu atembee, angoje, atazame na kumfikiria rafiki yake, zote kwa pamoja. Lakini ina utaratibu wa mafungu kama mirathi ilivyo na mafungu. Nakala ya kwanza ni ya mwenye sura. Ya pili ni ya rafiki. Na penye sura ya mlima, ambao haupokei nakala, fungu lake hulipwa kwa namna nyingine: kwa kulijua jina la mti na kulitaja, kwa kumlipa kiongozi wa njia haki yake, kwa kuwapeleka watoto wauone msitu wenyewe wasiishie kuuona juu ya kalenda. Zawadi iliyotolewa baada ya mafungu hayo kulipwa haina doa, hata picha ikiwa haikutoka vizuri. Iliyotolewa kabla yake ina doa, hata picha ikiwa nzuri kama ile ya bibi chini ya nuru.

Na karani? Alishuka Tanga siku ile akiwa kimya. Jumamosi iliyofuata alipanda tena, na picha kubwa iliyotiwa katika fremu ya mninga. Alikuwa amefikiri kumwomba fundi wa duka abadilishe kanga kwa ufundi wa kompyuta, amvike bibi kanga mpya; kisha aliona kwamba huko kungalikuwa kumchagulia mara ya pili. Aliileta kama ilivyokuwa. Mwanamke wa mgahawa aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akaifuta kioo kwa ncha ya leso yake, ingawa hakikuwa na vumbi.

“Niwie radhi, dada,” karani akasema.

“Tumekuwia radhi sisi,” akajibu. “Yeye hatumsemei.”

Neno radhi na neno ridhaa ni watoto wa mzizi mmoja, na lugha iliyoyapokea yote mawili imeyapa nyakati mbalimbali. Ridhaa huombwa kabla, na kuomba kwake hugharimu muda mchache na pengine picha moja nzuri. Radhi huombwa baadaye, na wakati mwingine aliyestahili kuombwa hayupo tena kuitoa. Mpiga picha aliyetosheka na ridhaa yake mwenyewe hana budi kujua kwamba amekwisha chagua ni lipi kati ya maneno hayo atakalolihitaji.